Mkono Usiolala

Jumatatu, Mei 1986. Gede.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na haijaamua kama inakwenda au inabaki. Uani ni tope tupu. Nimefua nguo za kazi, zangu na zake, nikazianika ndani ya nyumba, na nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba zake hazitahitajika kesho. Nimeziacha pale pale kwenye kamba.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Angekuwepo mkosaji mmoja tu ningepumua.

Nianze na sinema, maana bila sinema ile leo ingekuwa Jumatatu kama zote.

Jumamosi ile nyingine, si hii ya juzi bali ya kabla yake, gari la sinema lilikuja kiwandani kwetu. Ni lile gari linalozunguka vijijini likitangaza sabuni. Meneja wetu mpya, Bwana Mutiso, aliyeletwa kutoka bara baada ya mwaka mpya, aliliomba lije mchana, tukishatoka kazini, ili watu wajifurahishe kidogo. Alikuwa na nia njema. Naliandika hilo mapema kwa sababu nikifika mbele nitakuwa nimelisahau.

Tulikaa ghalani juu ya marobota. Ili pawe giza tuliziba madirisha kwa mikeka ya mlangoni tunayoisuka wenyewe, sisi wanawake, kwa usumba wa makumbi ya nazi. Harufu ya makumbi yaliyovundikwa ikawa nzito humo ndani, lakini hiyo hatuisikii tena. Wageni ndio huisikia. Mume wangu, Katana, alikuwa mbele na wanaume wenzake wa mashine. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Ilikuwa sinema ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, na bubu. Watu wanafungua midomo na hawasikiki. Tulidhani tumepunjwa. Baada ya muda kidogo tukaona kwamba ndiyo sinema ya kwanza ambayo ghala zima tunaielewa kwa pamoja, pamoja na akina mama wasiojua hata neno moja la Kiingereza.

Kisa chenyewe ni cha mtu mdogo mwenye suruali pana, anayefanya kazi ya kupiga muhuri masanduku. Masanduku yanakuja kwenye mkanda unaotembea, naye anagonga muhuri, anagonga, anagonga. Bosi mnene anazungusha gurudumu, mkanda unakwenda mbio zaidi. Kengele ya chakula inalia, wenzake wanakaa, lakini mkono wake umekataa kukaa. Anapiga muhuri mkate. Anapiga muhuri upara wa jirani yake. Anafika nyumbani anapiga muhuri mto wa kulalia, na tumbo la mtoto. Askari anakuja kumkamata, naye anagongwa muhuri kwenye kofia. Mwisho anafukuzwa, na kabla hajafika getini mtu mwingine ameshasimama mahali pake, anagonga. Yule wa kwanza tunamwona amekaa kwenye benchi barabarani, anapiga muhuri goti lake mwenyewe, wapita njia wanamcheka.

Ghala lilivunjika mbavu. Katana alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi kwa ukosi wa shati.

Mimi nilicheka mpaka pale kwenye mto. Yule mke wa kwenye sinema alipoona muhuri unagonga karibu na kichwa chake, alimbeba mtoto akahamia upande wa pili wa kitanda, akageukia ukuta. Wenzangu walikuwa wanapigana vikumbo kwa kicheko. Mimi nilikaza macho kwenye shuka jeupe lililotundikwa kuonyeshea sinema.

Kwa sababu mimi nilishahama upande wa kitanda tangu mwaka jana.

Nieleze mashine, maana asiyeijua hatanielewa. Ni pipa kubwa la chuma lenye meno, linazunguka mchana kutwa. Mkono wa kushoto unatia kumbi kwenye kinywa chake. Wa kulia unavuta mpini, kumbi linabanwa kwenye meno na kuchambuliwa, usumba unatokea upande wa pili. Tia, toa mkono, vuta. Tia, toa mkono, vuta. Ukivuta kabla hujatoa mkono, mkono unakwenda na kumbi. Katana amesimama hapo tangu Sidi wetu hajazaliwa, na Sidi sasa anajua kusoma.

Mkono wa kulia wa mume wangu haulali. Ulianza kwa kucheza kidogo akiwa amechoka, tukasema ni baridi. Kisha ukawa unavuta. Amekaa zake kibarazani, hana habari, kiwiko kinakwenda nyuma kama kwamba kuna mpini hewani. Anavuta akiwa kanisani, ananishika bega ajifanye ananong'ona. Usingizini ndiyo zaidi, na kiwiko chake kimenigonga mbavu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Hatukuwahi kulizungumza. Nilihama upande, akaona nimehama, akanyamaza.

Halafu kuna shati. Kabla mvua hazijaanza alirudi nyumbani na shati la kazi ambalo mkono wake wa kushoto umechanwachanwa kuanzia kwenye kiwiko mpaka chini, nyuzi tupu, na ngozi imechubuka tu. Alilivua akaliweka juu ya kiti. Nililishona. Kesho yake alilivaa. Tangu siku hiyo kila king'ora cha kutoka kinapolia mimi hutazama mikono yake kabla ya uso.

Sasa Kalume.

Kalume ni mtani wa Katana. Mbari yao na mbari ya mume wangu ni watani tangu zamani, hakuna anayekumbuka ilianza lini, na sisi watu wa huku jambo hilo hatulichezei ingawa lenyewe ni mchezo. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Alipofariki mama mkwe wangu, Kalume alishuka kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema marehemu alikuwa mchoyo na hapa hapatoki mtu mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wakilia. Katana mwenyewe alicheka, na alikuwa hajatia kitu tumboni kwa siku nzima. Utani ndio unaotuvusha mahali pengine pasipovukika.

Basi Jumatatu iliyofuata ile sinema Kalume alikuwa ameshajiandaa. Alisimama getini, akavuta suruali ikawa pana, akaanza kumwigiza yule mtu mdogo, ila hakugonga muhuri. Alivuta mpini. Akavuta mpini akisalimia watu, akavuta akinywa chai, akavuta akimtongoza mwanamke wa kufikirika, na kiwiko kikienda nyuma vilevile kama cha Katana, mpaka kile kitetemo kidogo cha mwishoni. Aliyefanya kazi karibu na mtu miaka yote hiyo anaona kila kitu. Kufikia saa ya chakula kiwanda kizima kilikuwa kinamwita mume wangu Bwana Muhuri.

Katana alicheka. Ilibidi acheke, na naamini kwa sehemu alifurahi pia. Lililokuwa siri nyumbani kwetu sasa lilikuwa mzaha wa watu wote, na mzaha hauumi kama siri. Jumatano usiku mkono ulipoanza kuvuta mezani alisema mwenyewe, "Bwana Muhuri huyo," na watoto wakacheka. Mimi nikacheka. Nilidhani labda njia imepatikana.

Alhamisi Bwana Mutiso alipita uani wakati wa chakula. Kalume alikuwa amepamba moto. Meneja akasimama akatazama, akauliza waliokuwa karibu huyu anamwigiza nani. Wakamwambia bila kufikiri, Katana wa mashine ya pili. Kwetu hapo pana jambo gani? Aliyoyasema mtani hayapelekwi popote. Huwezi kwenda kwa chifu ukasema fulani ni mwizi kwa kuwa mtani wake kamwita mwizi. Kila mtoto wa huku anajua.

Lakini Bwana Mutiso si mtu wa huku. Hakucheka. Mchana ule alikwenda akasimama nyuma ya mashine ya pili, mikono mfukoni, mpaka king'ora kikalia. Ijumaa akasimama tena. Katana aliniambia jioni kwamba alikuwa amejikaza mpaka meno yanamuuma.

Leo asubuhi tuliitwa ofisini watatu: Katana, Kalume na mimi.

Bwana Mutiso hakuwa mkali. Alitukaribisha viti, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alimuuliza Kalume alichokuwa akiigiza ni kweli au si kweli. Na hapo nikamwona Kalume nisiyemjua. Amevua kofia, ameiweka magotini, hana hata chembe ya mzaha usoni. Alieleza utani ni nini, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Akasema yote aliyatunga. Akasema mkono wa Katana umetulia kama nguzo ya nyumba na yeye yuko tayari kuapa kwa kiapo chochote.

"Mimi ni mtani wake, bwana," alisema. "Siku akifa nitamcheka vilevile. Hayo si maneno ya kumtolea mtu kazini."

Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akisema uongo. Miaka yote hiyo ya kucheka alikuwa anasema kweli.

Katana alinyoosha mkono juu ya meza bila kuambiwa. Ulitulia. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama, niliona kidole gumba kimejichimbia kwenye ubao, nikajua ni nguvu gani zinatumika hapo. Tulikaa tukiutazama mkono ule sote wanne. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Bwana Mutiso akanigeukia mimi.

"Mama Sidi, wewe ndio unaishi na yeye. Huo mkono uko namna gani nyumbani?" Akangoja kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa kiwanda kingine huko kwetu. Kuna mtu nilifunga damu yake na koti yangu. Sitaki tena. Sema tu ukweli."

Ningeweza kusema umetulia. Ni neno moja. Katana angerudi kwenye mashine kabla chai haijapoa, Kalume angeanza mzaha getini, nami ningerudi kwenye mikeka yangu na kungoja king'ora, nitazame mikono. Hakuna ambaye angenilaumu. Mume wangu alikuwa hanitazami, alikuwa anautazama mkono, ameushikilia pale kwa macho.

Nikamwona amevaa lile shati. Nikaona mshono wangu.

"Haulali, bwana," nilisema. "Hata usiku hauna usingizi."

Nikaeleza shati. Nilipoanza sikuweza kuishia katikati. Nilieleza ngozi iliyochubuka, kitanda. Kalume aliinama akaziba uso kwa kofia. Na mkono wa Katana juu ya meza ukavuta, mara moja, kiwiko kikaenda nyuma kikagonga kiti. Alikuwa amechoka kuushika.

Meneja alimwambia aache mashine kuanzia leo. Alisema atatafuta nafasi nyingine, labda uani, labda ulinzi, lakini si sasa, kwa kuwa sasa hakuna. Hilo "labda" nimelisikia kwa watu wengi kabla yake. Huenda yeye ni tofauti. Katana alisema ahsante. Alitoka, akapitia kwenye mashine ya pili, akatundika aproni yake ya gunia kwenye msumari, akaondoka kwa miguu kwenye mvua. Kabla sijarudi kwenye mikeka kulikuwa na mtu mwingine ameshika mpini.

Nilifanya kazi mpaka mwisho wa zamu. Ninaandika hivyo ili nijue kwamba niliweza. Wanawake wenzangu walikuwa wananisogezea usumba bila kuniangalia, na sijui kama walikuwa wananihurumia au wananiogopa. Mwanamke aliyemtoa mumewe kazini kwa kinywa chake. Litasemwa hivyo, najua, na wala halitakuwa uongo.

Nilipofika nyumbani alikuwa kibarazani. Nilimwambia shikamoo, kitu ambacho simwambii siku zote, tumezoeana mno. Hakuitikia. Nilipita ndani, nikafua, nikaanika. Nilipotoka kumwaga maji ndipo aliposema.

"Kalume ana ruhusa," alisema. "Wewe nani kakupa ruhusa?"

Nilisimama na beseni mkononi. Nimeyatafuta majibu tangu saa hiyo. Nilikuwa nayo mengi njiani nikija, yote mazuri, kuhusu watoto, kuhusu mkono uliokatika hauoti tena. Mbele ya swali lile yote yalikuwa maneno ya mtu wa ofisini. Ni kweli hakuna aliyenipa ruhusa. Mtani amepewa na wahenga wake na wa mume wangu. Mke amepewa kunyamaza, kushona, na kuhamia upande wa pili.

Niliingia ndani nikawasha jiko.

Kabla ya magharibi Kalume alikuja. Alisimama pale uani kwenye matope, mvua ikimnyeshea, mpaka Katana akamwambia asogee barazani. Akakaa. Nilikuwa naona migongo yao kutoka jikoni. Kwa kawaida wakikaa hivyo jirani wa nyumba ya tatu anasikia kicheko. Leo walitazama mvua. Mkono wa Katana ukaanza, vuta, achia, vuta, na hakuushika. Kalume akageuza uso upande mwingine kwa adabu.

"Mbona hunicheki?" Katana akamuuliza.

Kalume akakamua maji ya mvua kwenye kofia yake.

"Cheka basi. Nani atanicheka, usiponicheka wewe?"

Kalume alijaribu. Nilimwona akiinua kiwiko, akakirudisha nyuma, na hapo hapo mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni kicheko, na Katana naye nadhani alidhani hivyo kwa muda, mpaka akamwekea mkono mgongoni. Mkono huo huo. Ukawa unavuta pale mgongoni kwa rafiki yake, na wote wawili wakauacha uvute.

Kalume ameondoka bila kula. Aliponipitia mlangoni aliniita shemeji, kama siku zote. Sina kinyongo naye. Nimejichunguza vizuri, sina. Na Bwana Mutiso, nikimtia kwenye mizani, alifanya ambalo mtu mzima angefanya, ila alilifanya kwa watu asiowajua. Nilitaka sana awe mtu mbaya. Ingenirahisishia.

Ninajiuliza kama ningenyamaza, ningeweza kunyamaza mpaka lini? Mpaka mwaka uishe? Mpaka Sidi amalize shule? Kuna saa ninasema nilifanya vyema, na kuna saa naona kwamba hata uso wake wa pale ofisini ni jeraha, na hilo nimempa mimi wala si mashine. Yote mawili yako hapa nami mezani na hayaondoshani.

Nimempikia sima na mchicha wa nazi. Watoto walikula mapema, nimewapeleka kulala. Nimemwekea maji ya kunawa, nikamwekea sahani, nikakaa mbali kidogo, si mbali sana. Alikula polepole. Mkono ulikuwa unamponyoka, tonge jingine likaanguka mkekani, akaliokota, akamega jingine. Nilikuwa navitazama vidole vyake vikimega, vyote vitano, vikichovya, vikipanda mdomoni. Hakuinua macho mpaka sahani ilipokwisha.

Hajanisemesha tena tangu lile swali. Kesho huenda asinisemeshe pia. Nitampakulia vilevile.